Hamoki ya kambini: mwili ukae vipi ili magoti, shingo na mabega visiume?

Mlalahewani aliuliza:

Wakuu, naomba ushauri wa wanaoijua vizuri hamoki ya kambini, yaani kitanda cha kuning'inizwa kati ya miti miwili. Nazungumzia ile ya kitambaa chepesi inayokusanywa ncha zote mbili. Si ya nyavu, wala ile yenye fito za kutanulia. Vipimo ni hivi:

kitambaa ni nailoni, urefu sm 300, upana sm 150
mikanda ya miti ina upana wa sm 2.5, inafungwa kwa karabina (pete ya chuma yenye mlango wa springi)
umbali kati ya miti huwa mita 4 hadi 5
mlalaji ana urefu wa sm 178, uzito kilo 80
chini kuna godoro la kupulizia lenye upana wa sm 50

Naivuta mpaka ikaze ili isining'inie sana, halafu nalala chali, nimenyooka katikati. Matokeo: mabega yanabanwa, kidevu kinasukumwa kifuani, magoti yanauma kwa nyuma kana kwamba yanakunjwa kinyume, na usiku mwili unateleza kuelekea miguuni. Godoro nalo linachomoka. Nikiwa kitandani nalala ubavu. Je, kosa liko kwenye ulalaji, kwenye ufungaji, au hamoki yenyewe ni fupi?

---

KambaLegevu:

Kosa la kwanza liko kwenye hilo neno "ikaze". Hamoki iliyokazwa inapendeza ikiwa tupu. Ukishaingia, kingo zake mbili zinapanda na kukufunika, katikati panakuwa mfereji, na mwili unafuata mfereji. Kitambaa kimeshavutwa chote kwa urefu, kwa hiyo hakibaki cha kutanuka kwa upana. Hapo ndipo mabega yanapobanwa, na dawa yake ni kulegeza. Wengi hufanya kinyume: wakiona wamepinda wanazidi kukaza.

Legeza mpaka kila mkanda ufanye pembe ya digrii 30 na mstari wa mlalo. Programu ya pima maji kwenye simu inatosha, weka tu simu juu ya mkanda. Kama huna, nyoosha kidole cha shahada na dole gumba vifanye pembe mraba, shahada ikiwa mlalo. Mstari wa kufikirika kutoka ncha ya shahada hadi ncha ya dole gumba unakaribia digrii 30. Linganisha mkanda na mstari huo.

Hesabu yake si ngumu. Mvuto kwenye kila mkanda ni uzito wako ukigawanywa kwa mara mbili ya sine (sin) ya pembe. Kwa kilo 80, kwenye digrii 30 kila mkanda unabeba kilo 80. Kwenye digrii 20 unabeba kama 117, kwenye digrii 10 kama 230, na kwenye digrii 5 unapita 450. Kwa hiyo anayekaza "kwa usalama" anaongeza mzigo mara kadhaa kwenye mishono, karabina na mti. Karabina za kufungia funguo hazifai hapa hata kidogo. Tafuta iliyoandikwa kN 12 (kilonewtoni 12, yaani kama kilo 1,200) au zaidi.

Urefu wa kufunga mkanda kwenye mti: chukua nusu ya umbali kati ya miti, zidisha kwa 0.58, kisha ongeza sm 45, ambao ni urefu wa kukalia kutoka ardhini. Miti ikiachana mita 4 unapata sm 160 hivi, mita 4.5 ni 175, mita 5 ni 190. Ukiona unahitaji ngazi, miti iko mbali mno, tafuta mingine.

Jambo la pili ni kulala mshazari. Kulala katikati kabisa kunakupinda mgongo hata kama umefunga kwa usahihi wote. Kitambaa kimepinda kwa urefu wake, ila ukikivuka kwa mshazari unapita kwenye mstari uliopinda kidogo zaidi, na mwili unakaribia kunyooka. Fanya hivi:

Simama mgongo ukielekea hamoki, katikati ya urefu wake. Tanua kitambaa kwa mikono miwili ili ukingo wa mbele uje nyuma ya magoti na ukingo wa nyuma upande mgongoni. Kaa, lala chali, ingiza miguu. Sasa sogeza miguu kwanza, sm 30 hadi 40 kutoka mstari wa katikati kwenda, tuseme, kulia. Halafu inua kiuno kidogo na usogeze kichwa na mabega kushoto, sm 20 hadi 30. Miguu ikitangulia, kitambaa cha upande wake kinashuka na kukupa nafasi. Ukianza na kichwa, miguu inabaki imenaswa katikati na utahangaika bure.

Utajua umefika pale visigino vinaposhuka karibu na usawa wa nyonga na ukingo wa upande wa kichwa unapoacha kukuziba uso. Kisha jaribu upande wa pili. Hamoki isiyoshonewa upande maalumu inakubali kote kuwili, na wengi wana upande mmoja unaowafaa kuliko mwingine. Kama ina chandarua kilichoshonewa humo na sehemu iliyotanuliwa kwa ajili ya miguu, fuata upande wa mshonaji, usishindane nao.

---

fundi_turubai:

Nakubaliana na mengi ya mkuu hapo juu, ila digrii 30 isigeuzwe kuwa amri. Ni mahali pa kuanzia. Pembe ya mkanda inabadilika ukishaingia, maana nailoni inavutika, mkanda unavutika, na mti mwembamba unainama. Tena wanaopima pembe kila wakifika kambi mpya wanajichosha. Kinachotakiwa kubaki vilevile ni mlegeo wa kitambaa chenyewe, na huo unashikwa na kamba moja.

Funga kamba isiyovutika kutoka ncha moja ya hamoki hadi nyingine, ipite juu ya mlalaji. Urefu wake uwe asilimia 83 ya urefu wa kitambaa. Kwa sm 300 ni kama sm 249, weka 250. Kuanzia hapo, hata miti ikiwa karibu au mbali, ncha mbili za hamoki haziwezi kuachana zaidi ya hapo, na kila usiku unalala kwenye umbo lilelile. Vitu vinne vya kuangalia:

1. Kamba iwe ya Dyneema (nyuzi imara sana zisizovutika) ya mm 2.5 hadi 3 au kitu cha nguvu ya namna hiyo. Kamba ya nailoni ya kufungia mizigo inavutika, na ukivuta mikanda kupita kiasi, kamba hii ndiyo inayobeba nguvu ya ziada. Ikikatika utashuka kwa ghafla.

2. Ukiwa umelala, ibane katikati kwa vidole viwili na dole gumba, uijaribu kuikunja. Ikubali kupinda kiasi. Ikiwa ngumu kama waya, mikanda imekazwa mno, ilegeze. Ikining'inia tu, mikanda imelegea, au miti iko karibu mno na kamba haifanyi kazi yoyote.

3. Mwanzoni ifanye iweze kurekebishika, kisha badilisha sm 2 au 3 kwa mara moja. Kila badiliko lilalie kwa robo saa kabla ya kuhukumu, kwa sababu kitambaa na mgongo vyote vinahitaji muda wa kutulia. Kuifupisha kunaongeza mlegeo na kurahisisha mshazari. Ukiifupisha mno, kuta za kitambaa zinapanda pande zote, kiuno kinazama na magoti yanabaki juu. Kuirefusha kunakurudisha kwenye mfereji ule wa mabega.

4. Ukishapata kipimo kinachokufaa, ifunge moja kwa moja kwa urefu huo na usiiguse tena.

Kuhusu urefu wa hamoki: kwa sm 178, kitambaa cha sm 300 kinakupa mshazari wa wastani, hakikupi wa kutosha. Kadirio la mkono ni urefu wa mtu jumlisha sm 120 kwa uchache, jumlisha 150 kwa starehe. Wewe unaangukia 298 hadi 328, yaani uko ukingoni. Lakini pima kitambaa chenyewe, kutoka mkusanyiko mmoja hadi mwingine. Wauzaji wengine wanahesabu hata vitanzi vya kamba vya mwishoni, na "mita 3" inageuka kuwa mita 2.7 za kitambaa. Kwa mtu wa urefu wako, hiyo ni ya kupumzikia mchana tu.

---

GotiSalama:

Mmegusa mgongo na mabega, magoti mmeyaacha. Ngoja niyachukue mimi.

Ukilala chali mshazari, miguu inabebwa sehemu mbili: matakoni na visiginoni. Kati ya hapo, nyuma ya goti, mara nyingi hakuna kitu, au kitambaa kipo lakini kimelegea. Uzito wa mguu unalisukuma goti chini mpaka linanyooka kupita kiasi chake. Kwa dakika kumi husikii lolote. Kwa saa nne, kano za nyuma ya goti zinaanza kulalamika, na hayo ndiyo maumivu uliyoyaeleza. Tiba ni kitu cha kuweka chini ya magoti: koti lililokunjwa, mfuko wa nguo, au mto mdogo, unene wa sm 8 hadi 12 kabla ya kukandamizwa. Lengo ni goti libaki limekunjika kidogo tu. Ukiweka mto mnene, kiuno kitasukumwa kuelekea kichwani na utaanza tatizo jingine. Uweke ndani ya mfuko wa kulalia, si chini yake, la sivyo utaukuta miguuni usiku wa manane.

Kuteleza kuelekea miguuni ni suala la ncha mbili kuwa sawa. Kiwiliwili ndicho kizito, na kila kitu kizito ndani ya hamoki kinatafuta mahali pa chini kabisa. Ncha zikilingana, mahali hapo ni katikati ya kitambaa, kwa hiyo kiuno kinateremka kuelekea hapo, na miguu inasukumwa mpaka kitambaa kinapojikusanya. Pandisha upande wa miguu. Anza na tofauti ya sm 20 kati ya urefu wa ncha mbili, kisha ongeza au punguza kwa sm 5. Ukiendelea kuteleza kwenda miguuni, ongeza. Ukihisi damu inajaa kichwani au mabega yanateremka kuelekea kichwani, umezidisha.

Kosa linalojirudia sana: watu wanapandisha mkanda wa miguuni kwa sm 20 kwenye mti, ila mti wa miguuni uko mbali zaidi na hamoki kuliko wa kichwani. Sehemu kubwa ya tofauti inamezwa na mteremko wa mkanda. Angalia urefu wa ncha za hamoki yenyewe, pale kitambaa kinapokusanyika, usiangalie urefu wa mkanda kwenye shina. Na kama ardhi ina mwinuko, usitumie ardhi kama kipimo. Tumia kamba ya juu ambayo fundi ameieleza: iweke simu yenye pima maji juu yake, utaona mara moja ncha ipi iko juu.

Mto wa kichwa uwe mwembamba. Hamoki tayari inainua kichwa. Ukiongeza mto wa kitandani, kidevu kinaingia kifuani, hasa kama umelala katikati. Sm 3 hadi 5 zinatosha, na ziwe chini ya shingo zaidi kuliko kisogo. Wa kupulizia usiujaze, upulizie nusu.

---

Mlalahewani:

Ahsanteni sana. Nimepima kitambaa: sm 296 halisi. Kamba ya juu nimeiweka sm 246, miguu juu kwa sm 20, mshazari miguu kulia. Mabega yameachiwa kabisa na kuteleza kumekwisha. Yamebaki mambo mawili. Moja, kuna mstari mgumu wa kitambaa unaopita chini ya shavu la mguu wa kushoto, kama kamba iliyokazwa. Hata nikisogea, unanifuata. Pili, ubavu: nikigeuka, kiuno kinapinda kwa upande.

---

KambaLegevu:

Huo mstari ni ugonjwa wa hamoki fupi, hujakosea kufunga. Nguvu kubwa ya kitambaa inapita kwenye mstari wa moja kwa moja kutoka kiuno chako hadi ncha ya miguuni. Wewe umelala kando ya mstari huo, miguu ikiwa kulia, na mguu wa kushoto ndio unaoukatiza. Hamoki ikiwa ndefu, mstari unakuwa mbali zaidi na miguu na nguvu yake inasambaa kwenye kitambaa kingi. Ikiwa fupi, unapita katikati ya shavu la mguu.

Unaweza kuupunguza kwa njia hizi, na ninaziweka kwa mpangilio wa zile zinazosaidia zaidi:

Sogea mwili mzima kuelekea kichwani, sm 10 hadi 15. Miguu inatoka kwenye sehemu nyembamba ya kitambaa na kuingia kwenye sehemu pana. Watu hawaamini, wanadhani lazima wakae katikati kabisa ya urefu. Si lazima, na tofauti ile ya urefu wa ncha mbili itakushikilia huko.

Punguza mshazari kidogo, au uongeze mpaka miguu yote miwili ivuke mstari. Hali mbaya ni ya katikati, ambapo mguu mmoja umevuka na mwingine haujavuka. Kwenye upana wa sm 150 kuvuka kabisa kunawezekana, ila visigino vinakaribia ukingo.

Fupisha kamba ya juu kwa sm 3 zaidi. Mlegeo ukiongezeka, mstari unalainika.

Mwisho, weka kitu bapa na laini chini ya mashavu ya miguu, kwa mfano kipande cha mkeka wa povu cha sm 40 kwa 50. Hiki hakiondoi mstari, kinausambaza tu. Kwa wengi kinatosha.

---

Ubavuni:

Nijibu la ubavu, maana hapa ushauri mwingi wa hamoki umeandikwa na watu wa kulala chali.

Ukiwa chali, mpindo mdogo uliobaki kwenye kitambaa unaufuata mgongo upande ambao umeumbwa kupinda, yaani mbele. Hata mpindo wa sm kadhaa huusikii. Ukigeuka ubavu, mpindo uleule sasa unaupinda uti wa mgongo kwa upande, na huko uti haupendi kukaa saa nyingi. Kwa hiyo mlala ubavu anahitaji mambo mawili: kitambaa kilichonyooka zaidi kuliko cha mlala chali, na mwili mfupi zaidi.

Kunyoosha kitambaa: ongeza mshazari kadiri upana unavyoruhusu, na urefushe kamba ya juu kidogo kupita ile asilimia 83, labda 85. Kwa kitambaa cha sm 296 ni kama sm 251. Najua hii inagongana na ushauri wa KambaLegevu wa kuifupisha kwa ajili ya shavu la mguu. Inagongana kweli. Ubavu hauna tatizo la ule mstari, kwa sababu magoti yakikunjwa miguu haifiki huko. Amua unalala vipi muda mwingi wa usiku, uipime kamba kwa mlalo huo.

Kuufupisha mwili: jikunje. Anza chali mshazari, halafu kunja magoti yote mawili na uyaangushe upande mmoja, nyonga na mabega vifuate. Usianze kwa kugeuza mabega, kitambaa kitakurudisha. Mtu wa sm 178 aliyejikunja anachukua kama sm 130 za urefu, na kwenye eneo dogo kama hilo mpindo karibu haupo. Weka kitu chembamba kati ya magoti. Mkono wa chini upitishe mbele ya kifua badala ya kuulalia, maana kitambaa kinausukuma bega la chini kuelekea shingoni na mkono unakufa ganzi.

Kuna faida moja ambayo kitanda hakina: nyonga na bega la chini havigandamizwi na kitu kigumu, vinazama kwenye kitambaa. Hivyo mto wa kichwa unaweza kubaki mdogo, tofauti na kitandani ambako mlala ubavu anahitaji mto mnene wa kujaza nafasi ya bega. Hapa bega limeshazama na nafasi hiyo ni ndogo.

Pande mbili hazifanani. Ukiwa miguu kulia na kichwa kushoto, kugeukia upande mmoja kunakuelekeza kwenye ukuta wa kitambaa unaokushika, kugeukia mwingine kunakuelekeza ukingoni uliolegea. Wengi wanatulia zaidi wakiegemea ukuta. Kama upande unaoupenda kitandani unakuangusha ukingoni, usihangaike na mto. Badilisha mshazari, miguu iende kushoto.

Kulala kifudifudi sahau. Katika hamoki ya ncha zilizokusanywa mgongo unakunjwa kinyume, na hakuna marekebisho ya kamba yatakayobadilisha hilo. Anayelazimika kulala kifudifudi atafute ile yenye fito mbili za kutanulia. Ile kitambaa chake kinakaa karibu tambarare na unalala sambamba na urefu wake, hakuna mshazari. Lakini ni nzito zaidi, ina fito za kubeba, na inapinduka kirahisi kwa sababu mwili unakaa juu zaidi ukilinganisha na kamba zake.

---

fundi_turubai:

Godoro nalo, kwa kuwa limetajwa na limesahauliwa.

Watu wanalinyoosha godoro sambamba na hamoki halafu wao wanalala mshazari. Lazima lichomoke. Godoro lifuate mwili: likiwa mshazari uleule, upepo nusu au chini kidogo ya nusu, ili lipinde na kitambaa. Likijaa linakuwa ubao, linakinyoosha kitambaa chini ya kiuno, na lile lote lililorekebishwa kwa kamba linapotea. Kama hamoki ina kitambaa cha tabaka mbili, lipitishe katikati ya tabaka, halitakimbia. Kama ni tabaka moja, weka vipande vya mkeka mwembamba wa mpira wa kuzuia kuteleza, kimoja mabegani na kimoja kiunoni.

Upana wa sm 50 ni mdogo kwa hamoki. Ardhini mabega yanaelea hewani nje ya godoro na hakuna shida. Hapa kitambaa kinapanda na kuyagusa mabega na mikono moja kwa moja, na upepo unapita nje ya kitambaa hicho. Tafuta la sm 60 na kitu, au uongeze mbawa mbili za povu kwenye mabega, kila moja sm 20 kwa 50.

Bila chochote chini, wengi wanaanza kuhisi baridi mgongoni joto la hewa likishuka chini ya nyuzi 20 hivi, hata kama juu wamejifunika vizuri. Mfuko wa kulalia hausaidii upande wa chini. Unaulalia, manyoya au pamba zake zinabanwa, na hewa iliyokuwa inahifadhi joto inatoka. Ndiyo maana mfarishi wa chini (blanketi nene lililojazwa manyoya) unaning'inizwa nje ya hamoki, pale ambapo hakuna anayeulalia. Ukiutumia, magoti na kiuno vinabaki kwenye umbo la kitambaa bila godoro kuingilia. Kwa starehe ya mlalo pekee, hauna mpinzani.

Ila ufungwe vizuri. Ukining'inia mbali na kitambaa kwa upana wa kiganja, upepo unapita katikati na hauna faida. Ukikazwa mpaka ukaning'inia kwa mvutano, manyoya yanabanwa na unarudi kwenye shida ya mfuko. Ingia, pitisha mkono chini kupitia ukingoni: ukiusikia umegusa kitambaa bila kusukumwa, hapo sawa. Na kwa kuwa umelala mshazari, uvute mfarishi nao uelekee mshazari kidogo, ncha yake ya miguuni isogee kule miguu ilikolala. Mifarishi mifupi inayofika magotini tu ni myepesi, lakini itakulazimu uweke kipande cha povu chini ya miguu. Kipande hicho hicho cha KambaLegevu cha shavu la mguu kinafanya kazi zote mbili.

Mfuko wa kulalia usiuvae kama ulivyo. Kujivingirisha ndani yake ukiwa hewani kunavuruga mshazari wote. Fungua zipu mpaka karibu na miguu, ingiza miguu kwenye sehemu iliyofungwa, ujifunike kama blanketi.

---

GotiSalama:

Nyongeza fupi kwa muuliza swali, juu ya nailoni. Inalegea ikipata unyevu na inavutika polepole chini ya uzito. Usishangae alfajiri kukuta matako yako sm 10 karibu zaidi na ardhi kuliko jioni. Ukifunga urefu wa kukalia sm 45, una nafasi ya kutosha. Mikanda iwe ya poliesta, isiwe ya nailoni, kwa sababu hiyohiyo. Upana wa sm 2.5 ni wa chini kabisa unaokubalika. Kwa miti yenye gome laini tumia sm 4 au 5 ili mkanda usilikate gome. Shina liwe na unene wa sm 15 kwenda juu, mti uwe hai, na uangalie juu kabla ya kufunga: tawi kavu halingoji upepo.

---

Mlalahewani:

Nimesogea sm 12 kuelekea kichwani na kuweka povu chini ya mashavu ya miguu. Mstari bado upo, ila haunisumbui tena. Kwa ubavu nimerefusha kamba hadi 251 na kugeuza miguu kushoto. Imekubali nikijikunja. Nikinyoosha mguu mmoja tu kiuno kinarudi kupinda. Je, nikichukua kitambaa cha sm 335, kamba ya juu iwe ngapi, na hii ya sasa niifanyie nini?

---

fundi_turubai:

Kwa sm 335, asilimia 83 ni 278. Kwa ubavu jaribu 283 hadi 285. Upana usiwe chini ya sm 150. Ukipata 160 au zaidi, mguu mmoja utanyooka bila shida. Chagua kitambaa kisichovutika sana. Chenye kuvutika kinakukumbatia mabegani hata kikiwa kirefu. Angalia pia turubai yako, maana hamoki ndefu inahitaji turubai ndefu. Kamba ya juu ikiwa 278, turubai iwe na urefu wa sm 330 hivi kwenye mstari wa kati, ili kila ncha ibaki na sm 25 za kukinga mvua.

Hii ya sasa irudishie kamba yake ya 246. Mtu wa sm 165 ataifurahia.